Sahani ya Maua

Windward, Carriacou

Kaka Alwyn,

Mama hajambo, ila goti tu. Kuku wa kijivu ametaga. Mashua ya Baba haipo tena.

Siku ya karamu ya kusimika jiwe la kaburi lake, wewe mwenyewe ulisisitiza kwenye simu: "Mabaharia wake wote washuke, asikosekane hata mmoja, la sivyo Baba hatatulia." Wakashuka wote. Hata Fitzroy, wakala wa bima, alikuja. Akala mbuzi, akacheza ngoma, akaniita, "Dada Verna, hebu niongezee mchuzi! Na mama watoto naye umfungie chake." Mama akamfungia katika sahani yake ya maua. Ngoma haijaisha, dhoruba ikakata kamba ya nanga, mashua ikapasukia mwambani.

Tukadai bima. Tukangoja.

Unakumbuka Mama alivyotufunza kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu? Jana yule mlafi aliirudisha, imeoshwa inang'aa. Ndani kaweka barua: hawalipi, kwa kuwa masharti yalitaka baharia mmoja abaki chomboni, na wakala wao aliwaona wote kwa macho yake, karamuni, wanakula.

Ni mimi dada yako, niliyempakulia,
Verna