Nusu ya Korongo

Jumatatu, 4 Machi
Fundi kamaliza! Korongo arobaini wa mti wamesimama rafuni, kila mmoja kwa mguu mmoja. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapiga msasa, lakini leo nilishindwa kupita bila kuwaamkia. Wallahi wanapumua. Fundi anasema ndio ndege wake wa mwisho, macho yamechoka. Mji mzima umeshasikia.

Mkewe, tunayemwita Mama Mizani, hataki foleni. Mwaka jana, siku ya kuuza bundi wa Fundi, kioo kilivunjwa, mama mjamzito akaangushwa, na wenye misuli wakawauza bundi hapo hapo nje kwa bei ya kuruka. Mwenye nguvu mpishe — si dukani kwangu, kasema.

Jumanne, 5 Machi
Bado nimeduwaa. Masalio ya mti wa korongo yamekatwa vijiti. Kila kijiti kina namba ncha zote mbili, kisha Fundi anakivunja kwa mkono. Nusu yako, nusu ya kapu. Jumamosi kapu linachezeshwa. Nusu yako ikishikana na iliyotolewa, korongo ni wako, kwa bei ile ile ya siku zote.

Na wakighushi? nikauliza. Fundi akanipa nusu mbili zisizo ndugu, niziunganishe. Nikahangaika mpaka nikacheka. Zile ndugu zilishikana, hata ufa huuoni!

Mtu mmoja, kijiti kimoja. Unachovya kidole kwenye wino, basi. Njoo muda unaotaka.

Alhamisi, 7 Machi
Wamekuja! Wazee, wanafunzi, mama na mtoto mgongoni, yule dereva wa lori anayekosa kila mwaka. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Machozi yalinilengalenga, sijui kwa nini.

Baba naye kaja. Ana ndege wa Fundi wa kila mwaka. Wa kwanza alinunuliwa na marehemu mama. Nilimnong'oneza kwamba jamaa za wafanyakazi hawakukatazwa. Anajua, kasema, ila akipata watu watasema binti yake kampangia, na mimi nitauzaje tena hapo dukani? Lakini kidole kakichovya. Nusu yake kaiweka chini ya picha ya mama. Namba themanini na tisa.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika juu ya kaunta, kalamu inaruka. Watu wamejaa hadi ng'ambo ya barabara — na utulivu ulioje! Kila anayeshinda ndiye anayemtolea mwenzake anayefuata. Waliokosa wanapiga makofi. Sijawahi kuona.

Korongo kabaki mmoja. Namba imesomwa: themanini na tisa.

Mama Mizani kaisoma tena, watu wanakagua nusu zao. Sheria ni kungoja nusu saa, kisha itolewe nyingine.

Baba yuko pale kwenye nguzo, ngumi kaifumba juu ya nusu yake; asubuhi kaitoa chini ya picha ya mama. Hanitazami. Nikisema mimi, ndiyo nimeharibu kabisa. Nisiposema — mama yangu!

Dereva wa lori amesimama ubavuni mwake. Nusu ndugu ya kijiti cha dereva bado imo kapuni. Baba akinyamaza, bahati inarudi kwake na wenzake. Ameiona ngumi. Ameiona na ncha ya kijiti. Sasa kainama, na kwa utulivu huu kila mtu kamsikia:

"Mzee, fungua mkono. Kapu tumeliona sote likichezeshwa."

Watu wamegeuka. Wanampisha njia, hakuna aliyewaambia, mpaka hapa kwenye kaunta. Baba hajainua mguu. Ngumi bado —