Baba, Shahidi wa Mwezi Mpevu

Baba yangu,

Nianze kwa kukutania, maana barua ya machozi matupu ungeichana. Wavuvi wengine wa Uvira walijulikana kwa samaki. Wewe ulijulikana kwa kuimba vibaya. Mwezi ulipokuwa mpevu ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawakufuata taa za wavuvi usiku, kwa hiyo mitumbwi yote ilibaki ufukweni nawe ukashinda nyumbani ukishona nyavu na kutuimbia. Niliupenda mwezi huo kuliko Noeli. Ndizo siku nilizokuwa na baba.

Muda mfupi baada ya uhuru, mjomba wangu, kaka yake mama, aliokotwa amekufa kwenye njia ya milimani. Akakamatwa mfugaji mmoja aliyeshuka kutoka milima ya Mulenge kuuza siagi. Wavuvi watatu, rafiki zako, wakaapa mahakamani mbele ya juji, yaani hakimu, kwamba walimwona akimpiga mjomba usiku, walipokuwa wakitoka ziwani na ndagala. Mji mzima ulitaka anyongwe. Hata mimi, na miaka yangu kumi na miwili, nilitaka.

Ukasimama kati ya watu.

"Juji, minye niko muvuvi. Siku ile mwezi ilikuwa muzima. Hakuna muntu wa Uvira aliingiza mutumbwi mu ziwa."

Juji alikuwa mgeni, hakujua mambo ya taa na mwezi. Akawauliza wale watatu kama ni kweli, nao wakainamisha vichwa. Yule mfugaji akaachiliwa.

Nje watu walichemka. "Weye, shemeji yako iko mu kaburi, unatetea adui?" Mawe yakaanza kuruka, moja likakupasua juu ya jicho. Wiki nzima hakuna aliyegusa ndagala wa mama sokoni. Alikuwa akikuosha kidonda alipokuuliza, "Ulishindwa kunyamaza?"

"Ningenyamaza, tungezika wawili."

Mama akalia, akaendelea kuosha. Kisha akataka kujua nani alitupa lile jiwe. Ukamjibu kwamba watu walikuwa wengi, hukuona. Ukanigeukia, ukaniambia nile kabla chakula hakijapoa.

Waasi walipofika Uvira, mimi na mama tulivukia Bujumbura, wewe ukabaki kulinda nyavu, na hatukukuona tena. Asubuhi ile ya kuondoka nilikuwa na neno la kukuambia. Aibu ikanifunga mdomo, nikakupungia mkono tu. Sasa nina wajukuu, na kila nikisikia watu wanapiga kelele nje ya mahakama, moyo unaniuma kwa ajili yako.

Usiku aliokufa mjomba, wewe ulikuwa nyumbani, baba, nami nilikushikia uzi wa wavu. Nilijua wale watatu wanadanganya. Bado niliokota jiwe, nikalitupa, na ulipogeuka mkono wangu ulikuwa ungali juu. Tulitazamana. Nisamehe. Mama amekufa bila kujua.

Pumzika, baba. Nakupenda.

Binti yako, uliyemsitiri