Akili za Marehemu Kortini

Mkorofi wangu,

Huku tuko salama, cherehani imepata mkanda mpya na mama anakusalimu. Sasa kaa chini, maana nataka kumsema baba yako.

Unajua anapinga wosia wa marehemu baba yangu ili sisi tutoke kwenye nyumba. Juzi alisimama kortini na suti ya kuazima, niliyoipunguza mikono mimi mwenyewe, tena bure. Akasema kaka yake alipoandika wosia alikuwa amechanganyikiwa, anabishana na redio, hajui hata jina la mkewe. Mama akainama. Baba yako akajifuta machozi ambayo hayakuwepo.

Hakimu akamwuliza taratibu, "Na lile gari la mizigo, mzee, kaka yako alikuuzia lini?"

"Wiki hiyohiyo ya wosia, mheshimiwa."

"Akiwa na akili zake?"

"Timamu kabisa," akajibu, kifua mbele.

Watu wakaangua kicheko. Yeye akageuka kutafuta nani kachekesha.

Jana jioni kaja kwetu, kavua viatu nje kama anakuja kuposa. Eti anafuta kesi, tuyamalize kindugu, mradi gari tusiliguse. Mama amechoka, anataka nikubali. Mimi nataka hakimu amalizane naye mbele za watu, ingawa tukishindwa tunalala nje.

Wewe ni mwanawe, lakini kichwa hukurithi kwake, shukuru. Ungekuwa mimi, ungempa mkono?

Ndugu yako,
fundi