Sijambo, Kuanzia Juu Mpaka Chini

Al Qusais, Dubai
Jumapili, mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Zaina hajamaliza kulisoma neno lenyewe. Zaina, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole na usiruke hata mstari mmoja. Nakujua wewe. Ukifika mahali ukaona aibu, kunywa maji, kisha endelea.

Kwa desturi, hapa ndipo ningeandika kwamba mimi ni mzima wa afya na hofu yangu ni kwenu. Leo sitaandika hivyo. Hali nitakuuliza, Mama, lakini mwishoni, na kwa namna nyingine. Sababu yake ni ndefu kidogo, na imeanzia mezani kwa Wajapani.

Nilikwambia kwamba tangu mwaka jana kampuni yetu ya usafi inanipeleka kila siku kwenye nyumba moja tu, kwa mume na mke wa Kijapani. Sir huondoka mapema. Madam hufanyia kazi nyumbani, na kazi yake nilichelewa sana kuielewa. Miezi mingi nilidhani anacheza tu na kompyuta. Kumbe analipwa kusoma majibu ya watu. Huko kwao Japani kuna kampuni zinazowauliza watu maswali ya maisha ya kila siku, maswali ambayo kwetu Muheza ukimuuliza mtu atadhani umetumwa na mawifi zake. Asubuhi unakula wali au mkate? Yai la kukaanga unalitia chumvi au sosi ya soya? Ukiingia kuoga unaanza kuosha wapi, kichwa au mikono? Na watu wazima na akili zao wanajibu, Mama, tena kwa makini.

Madam hunisomea majibu hayo nikiwa napiga pasi. Nadhani hana mwingine wa kumsomea, maana Sir akirudi huwa amechoka. Basi kidogo kidogo nimewajua Wajapani wengi ambao sitawaona maishani. Nimejua kwamba juu ya hilo yai hawapatani kabisa. Nimejua pia kwamba wengi wao jioni hupenda kukaa ndani ya maji ya moto mpaka shingoni, lakini kwanza wanajisugua na kujisuuza pembeni, ndipo waingie. Maji ni ya kutulia, si ya kuondolea uchafu, na nyumba nzima huingia kwenye maji hayohayo, mmoja baada ya mwingine. Nilipoambiwa hivyo nilikunja uso. Halafu nikakumbuka wakati wa mafua, ulivyokuwa ukichemsha maji na mchaichai, ukituogesha kwenye beseni moja, Zaina kwanza kwa sababu ni mdogo, mimi baadaye maji yakiwa yameshapoa. Niliiweka pasi chini. Nilifumba macho kuitafuta harufu ile, na Madam akaniuliza kama mvuke umenichoma.

Kisha likaja suala la machungwa. Madam alipata boksi la machungwa yao madogo, yale yenye ganda laini, na siku hiyohiyo alikuwa na majibu ya swali hili: ukimenya unaanzia kwenye kikonyo au unaanzia chini? Tena, nyuzi nyeupe unazitoa au unakula nazo? Akanipa moja, akataka kuona mimi naanzia wapi. Nikamwomba kisu. Alishangaa, maana kwao hilo ni la kumenya kwa kidole. Nikalimenya kwa mtindo wako, kwa kuzungusha, na kama kawaida yangu ganda likakatika katikati. Nikamsimulia kuhusu wewe. Nikamwambia mama yangu humenya bila kutazama, huku anamsengenya mtu, na ganda linashuka refu mpaka chini bila kukatika, kisha analitundika kwenye msumari likauke liwe la kuwashia moto. Nikamwambia pia kwamba hakuna aliyewahi kuruhusiwa kukumenyea. Si ulikuwa unasema chungwa la kumenyewa ni la mgonjwa? Madam aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Sikujua kwamba na mimi nitayahitaji.

Wiki mbili baadaye alikuwa na dodoso jipya, akataka kulijaribu kwa mtu wa kawaida aone kama maswali yanaeleweka. Mtu wa kawaida ni mimi. Lilikuwa la Kiingereza chepesi. Umeridhika na usingizi wako? Na chakula? Na afya? Na mazungumzo yako na ndugu? Mbele ya kila swali kuna visanduku vitano, kuanzia «nimeridhika sana» mpaka «sijaridhika kabisa», na cha katikati ni cha «si hivi wala hivi». Mama, mimi nimelelewa na wewe. Mwenye nyumba akikuuliza kama mchuzi una chumvi, unasema upo sawasawa hata kama chumvi imesahauliwa kabisa. Nikaweka alama «nimeridhika sana» kuanzia juu mpaka chini, nikamrudishia kwa mikono miwili, najiona nina adabu zangu. Kumbe katikati mle kulikuwa na mtego. Swali moja lilisema, hapa weka alama kwenye kisanduku cha pili tu. Sikulisoma.

Madam alicheka huku ameziba mdomo, kisha akaiweka ile karatasi pembeni. Akasema hii haihesabiwi. Nilijisikia vibaya, nikamuuliza kosa langu ni nini.

«Mtu akijibu kitu kimoja kuanzia juu mpaka chini,» akasema, «hatusemi ana furaha. Tunasema hajajibu.»

Akanieleza kwamba watu wa kwao wana ujanja wao pia, hawapendi kumkwaza mtu, kwa hiyo wanakimbilia kile kisanduku cha katikati. Yeye akikiona hicho husimama hapohapo na kutazama mara mbili, kwa sababu mara nyingi pana jambo mtu amelishikilia kwa heshima. Tukacheka sote, nikaendelea na mashati.

Lakini jioni, kwenye gari la kampuni, foleni imetukamata, kile kicheko kikaniishia. Nilianza kusikia simu zetu, Mama. Hujambo? Sijambo. Mgongo? Mzima. Mvua? Nzuri. Kuku? Wazuri. Haya, ongea na Zaina. Wewe ambaye zamani ulikuwa unaongea mpaka salio linakata, ukinipa habari za kila harusi na kila ugomvi wa mtaa mzima! Tangu masika umekuwa ukinijibu maneno hayohayo manne, na mimi mjinga nilidhani umeninunia kwa sababu sikuja Idi.

Nilimweleza Mwanakombo, yule mwenzangu wa Mombasa tunayelala naye chumba kimoja, anayeuza kwenye duka la manukato huko Al Rigga. Akasema tutazame ile video ya Idi aliyonitumia Zaina. Nilikuwa nimeshaitazama mara nyingi, lakini nilikuwa naangalia paa jipya na kanga yako. Safari hii nilikutazama wewe. Zaina anaingia, anakuwekea mapajani chungwa ambalo limeshamenywa na kukatwa kichwa, nawe unalichukua kwa mkono wa kushoto. Wala humgombezi. Mwanakombo akairudisha video nyuma, akaitazama tena, kisha akasema, «Mamako hakwambii kweli, nawe humwambii kweli. Nyote mwaambiana urongo wa adabu.»

Kesho yake nikampigia Zaina. Sikumuuliza hali, maana jibu lake nalijua. Nilimfanyia dodoso. Mama anamenya chungwa mwenyewe? Akasema wakati mwingine. Kanga anajifunga mwenyewe? Akasema inategemea. Kikombe cha chai anashika kwa mkono gani? Hapo ndipo alipolia. Usimkasirikie, Mama. Siri yako aliitunza vizuri sana, ila mimi nilimjia na silaha za Kijapani.

Basi najua. Najua ulianguka kwenye mlango wa jikoni wakati wa masika, mdomo ukavutwa upande mmoja, na mkono wa kulia mpaka leo haukamati kitu. Najua uliamrisha kwamba atakayenieleza kabla sijamaliza mkataba si mtoto wako. Nilikasirika siku mbili nzima. Nilimpigia Sir pasi kola ya shati mpaka ikawa rangi ya chai.

Siku ya tatu hasira ikanigeukia mwenyewe. Nikajiuliza, na karatasi yangu mimi iko wapi? Kwenye nyumba ya kwanza, kabla ya hawa, nililala miezi minane sakafuni kando ya mashine ya kufulia, na simu nilikuwa napewa Ijumaa tu. Wewe uliniuliza, nikakwambia nzuri, wananipenda. Idi ile niliyokusimulia biriani, nilikula biskuti na chai ya baridi. Goti langu la kushoto limevimba tangu mwaka jana, na ninaposhuka ngazi nashuka kama bata. Hayo yote nilikuwekea alama «nimeridhika sana». Sikukusudia ubaya, Mama, na wewe najua hukukusudia. Lakini miaka mitatu nimekuwa nikiongea na mtu ambaye hayupo, nawe hivyo hivyo, na kila mmoja wetu anamlinda mwenzake na habari zake.

Sasa sikiliza. Kampuni imetugawia fomu ya mkataba. Ina visanduku viwili tu, kuendelea miaka miwili au kutoendelea. Niliilalia chini ya mto wiki nzima, natamani kingekuwepo cha katikati. Nakwambia ukweli, kwa sababu leo ni siku ya ukweli: nilitaka pia kubaki. Paa na dawa zako za mgongo vimetoka huku, na huku nimezoea. Madam amesema nikitaka yeye atakuwa kafeel wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, nitoke kwenye kampuni, nipewe chumba changu mwenyewe. Ni mtu mwema. Siku moja walinichukua mpaka Hatta, kwenye milima yao mikavu, tukapita shamba lenye milimau imetoa maua. Mimi nikasimama hapo kama mwehu, navuta harufu kama ya michungwa ya kwetu, na hakunihimiza. Alingoja mpaka nikatosheka.

Nilipomweleza habari zako aliniuliza wewe unataka nini. Nikasema, atasema nisijisumbue, yeye hajambo.

«Hicho ni kisanduku gani?» akaniuliza.

«Cha katikati,» nikasema.

«Basi kusoma majibu ya watu unajua,» akasema, na akanipa kalamu.

Nimeweka alama, Mama. Siendelei. Mkataba ukiisha nitakuja, na inshallah masika yatanikuta nyumbani, mimi na goti langu. Usiniombe nifikirie tena, fomu imeshaondoka na msimamizi. Na tutakula nini nitakapofika, hilo ndilo ninaloliogopa kweli, lakini ni heri niliogope nikiwa nakuona.

Barua hii anakuja nayo mwenzetu wa Tanga anayerudi likizo, pamoja na kifurushi. Kanga ni yangu. Zile pakiti za unga ni za Madam. Unamimina kwenye maji ya moto, na yananukia ganda la chungwa. Anasema loweka mkono jioni, kisha mtu aukande taratibu. Zaina, mtu huyo ni wewe.

Nisalimie baba mdogo, anayeliangalia shamba kana kwamba ni lake, na nisalimie shemeji yangu, mume wa Zaina. Nimeambiwa ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka barabarani siku ile ya mvua ulipoanguka. Mwambie nilikuwa namwita mvivu, naliondoa neno hilo lote. Msalimie na jirani yetu wa upande wa kisima, anayekuletea uji, maana hilo nalo nimeambiwa.

Haya, hali sasa. Zaina aandike kile utakachosema, bila kupamba. Asubuhi ya leo umekula nini, na nani alikulisha? Mkono ukiuinua unafika wapi, begani au kiunoni? Usiku unalala, au unahesabu mabati ya paa? Unaogopa? Hili la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Na ukinijibu sijambo kuanzia juu mpaka chini, Mama yangu, karatasi yako haihesabiwi.

Nikifika nitakaa kwenye kigoda mbele yako, nichukue kisu chako, nikumenyee chungwa. Mgonjwa si humenyewa? Tutalisema hivyo, tusilizunguke. Ganda litakatika katikati kama kawaida yangu, nawe utaniambia kwa mdomo huohuo uliopinda kwamba mtoto mkubwa mzima hujui kumenya. Jibu hilo nitaliamini.

Mimi mwanao, nisiye mzima sana, ninayekuja,

Rehema