Ntinyari Wawili, Faili Moja

Mpendwa Mama Lenah, naomba msaada wako kabla ya tarehe kumi na nne. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Ishiara, nasomea kazi ya rekodi za wagonjwa na niko kwa mafunzo katika hospitali moja upande wa Meru, sitaitaja. Mimi si mtu wa kuongea, hata dirishani wagonjwa huniambia niongeze sauti, ndiyo maana nimeandika.

Mkubwa wetu, Bwana Njuki, alinipa kazi ya kutafuta watu walio na faili mbili, kwa sababu mgonjwa akipoteza kadi anasema hajawahi kuja na anafunguliwa nyingine, basi nikipata mbili naziunganisha, naacha jalada zuri na kutupa lililochakaa. Wiki ya kwanza niliunganisha thelathini na moja, akasema mbele ya wote, "Oneni huyu wa Ishiara, mdomo umelala lakini mikono iko macho!" Nikafurahi sana Mama, sijawahi kusifiwa hivyo. Kati ya hizo kulikuwa na Ntinyari Mbaabu wawili, kijiji kimoja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, nikajua tu ni mtu mmoja.

Jumatatu iliyopita akaja mama mwenye kidonda mguuni, nikampa hiyo faili, akaifungua akashangaa, "Mapacha? Mimi nimezaa mapacha lini?" Halafu akacheka. "Hii ni ya binamu yangu! Kwetu tuko Ntinyari wanne, wote tumepewa jina la nyanya, na wote tumeandikwa la babu. Wewe ni wa wapi hujui hayo?" Nikaona aibu, kwa sababu hata mimi niko na binamu wawili tunaitwa jina moja. Nikamdanganya faili yake iko kwa daktari, nikamfungulia mpya.

Jioni nikatafuta kwenye gunia la karatasi za kuchomwa, nikapata jalada lake kuukuu lenye nambari ya kadi yake, na juu yake kwa kalamu nyekundu: ASIDUNGWE PENISILINI. Siku hiyo alioshwa kidonda tu, lakini anarudi tarehe kumi na nne, na kwenye faili mpya hayo maandishi hayako. Jalada nimelificha chini ya godoro. Nilimwambia Kathure, karani tunayekaa naye, akasema, "Nyamaza wewe. Kwani faili inaongea? Mwenyewe atamwambia daktari." Bwana Njuki hajasaini kitabu changu cha mafunzo. Nikimwambia, naanzia wapi?

Msichana wa Rekodi

Binti yangu,

Barua yako ilinifikia tarehe tisa, na gazeti hili linatoka tarehe kumi na mbili. Umebakiwa na siku mbili. Jambo la mtu kudungwa dawa inayoweza kumuua haliandikiwi gazeti, linaambiwa aliye karibu. Hapo umekosa zaidi kuliko ulivyokosa kwenye rafu ya faili.

La rafu nakuhurumia, kwa maana ulisifiwa kwa haraka na hakuna aliyekagua. Lakini wewe, mwenye binamu wawili wa jina lako, ulikosaje kuuliza? Na huyo Kathure usimsikilize. Mgonjwa huletwa akiwa na homa hata jina lake hajui. Ndiyo sababu watu huandika.

Sasa fanya hivi. Toa hilo jalada hapo lilipo. Mfikie Bwana Njuki kabla dirisha halijafunguliwa. Usianze kwa kulia wala kwa samahani, samahani itangoja. Sema: "Nilitupa jalada la Ntinyari Mbaabu lililoandikwa asidungwe penisilini. Hili hapa. Anarudi tarehe kumi na nne." Sauti ikigoma, mwandikie maneno hayo kwenye karatasi umpe, usimame hapo mpaka amalize kusoma. Asipokuwepo, nenda moja kwa moja kwa muuguzi wa vidonda. Kisha mwombe Bwana Njuki mzirudie zile thelathini zingine zote, moja moja, maana sidhani ni Ntinyari peke yake.

Huenda atakufokea. Huenda asisaini, na mafunzo uyarudie mwaka ujao ukiwa na aibu yako. Utayarudia. Yule mama akishadungwa, hakuna cha kurudia. Funga gazeti, nenda.