Mtu Niliyemwita Somo

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu yeyote: ninampeleleza mama.

Ilianza kama homuweki ya saikolojia. Uchague mtu mmoja, umtazame siku kumi, uandike anachofanya — si unachofikiri. "Andika ameketi, usiandike amechoka," mwalimu alisema. "Huko kuchoka umekuona wapi?" Darasa zima likacheka. Mimi nikamchagua mama kwa sababu mtu mwingine naona haya kumkodolea macho.

Leo siku ya nane. Saa 12:10 jioni: amefungua gesi, hakuwasha kiberiti, ametoka jikoni. Nilizima mimi. Saa 1:40: ameuliza kama nimekula. Ndiyo kwanza tumetoka mezani! Mara ya nne hiyo.

Mama anafanya kazi duka la dawa. Anawahesabia watu vidonge.

Jumatano, 5 Machi

Leo darasani tumesoma mitazamo ya saikolojia. Mwalimu kachora mtu ubaoni, kamzungushia mishale. Tabia ni moja, kasema, ila milango ya kuiingilia ni mingi: ubongo, mazoea, mawazo, mambo ya utotoni. Nikanyoosha mkono — mimi! Nikauliza, mtu akisahau sana ni mlango upi? Mwalimu akasema kwa kutazama tu huwezi kujua. Huenda ni kukosa usingizi, huenda ni wasiwasi, huenda ni ugonjwa. Wa nyuma yangu akasema huenda ni mapenzi. Wakacheka tena.

Nataka iwe usingizi. Nimejikuta naandika pembeni "kalala vibaya". Wala sikumwona akilala. Ndiyo ile mwalimu anayoiita upendeleo wa mtazamaji, unaona unachotaka. Nimefuta.

Ripoti inatakiwa kesho, kwa lugha zote mbili, jina lisitajwe. Kwa Kiingereza nimeweka Subject kila mahali. Ya Kiswahili nimenakili mbiombio: Somo amefungua gesi. Somo ameuliza tena. Mkono unauma. Nalala.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Baba kaikuta ripoti mezani asubuhi, mimi naoga. Kasoma ile ya Kiswahili, yote. Na nyumba hii somo ni mtu mmoja tu: shangazi, dada yake baba, anayeishi nasi tangu afiwe na mumewe. Nimepewa jina lake. Tangu nijue kusema tunaitana somo. Somo umeamka? Somo njoo unisuke. Nilikosaje kuliona? Kichwani mwangu lilikuwa la shuleni, somo kama hisabati! Ilitakiwa "mshiriki". Mshiriki!

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Kamwambia shangazi polepole, dada, kuanzia leo jikoni usiingie. Shangazi akadhani utani. "Kwani jana nimewapikia mawe?" Baba akampa karatasi. Akasoma. Akanitazama.

"Somo, mimi nimefanya haya?"

Nikainamia kamba za viatu vyangu.

Mama alikuwa palepale na chai yake. Naye akaichukua, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Kisha akasema, "Pole wifi. Utapumzika."

Anajificha? Au hajui kwamba ni yeye? Siku kumi nimemtazama na sijui!

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi anapelekwa kesho kwa kaka yao mkubwa, safari ya basi ya masaa saba. Nimemsikia baba kwenye simu: kichwa kimeanza kumchezea, nyumba ingeungua hii.

Shuleni mwalimu kauliza ridhaa iko wapi, huyo mtu alikubali kutazamwa? Bila ridhaa hapokei. Alituambia siku ya kwanza. Siku hiyo daftarini niliandika tarehe tu, halafu nikachora maua.

Jioni nikaenda chumbani kwa shangazi. Anakunja nguo. Nikasema, haikuwa wewe.

"Basi nani?"

Nikalia. Akakaa kitandani puu, kama kasukumwa. "Wifi yangu," akasema, wala hakuwa anauliza. Halafu: "Juzi kaniamkia mara mbili. Nikadhani ananitania."

Akanishika kidevu. Akasema baba akijua leo, kesho mama hana kazi. Tumpe muda. Yeye ataenda, kwani kwa kaka yake kuna simba? Nikamuuliza, na wanaokuja dukani je, shangazi? Akarudi kwenye nguo zake. Alikunja blauzi moja mara tatu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi. Basi ni saa tano. Baba yuko nje, anatafuta teksi.

Jana mama kaleta kutoka kazini dawa za presha za shangazi, za mwezi mzima. Kafunga mwenyewe, kaandika mwenyewe kwenye bahasha. Kaniambia niitie kwenye mkoba wa shangazi.

Shangazi humeza kimoja, asubuhi. Mimi ndiye humletea maji. Bahasha inasema: vitatu, mara tatu kwa siku.

Nimesoma mara sita. Mwandiko wake ule ule, mzuri, umenyooka.

Na huko aendako baba kawaambia wasimwachie dawa, wampe wao kama ilivyoandikwa. Akibisha nani atamsikiliza? Kichwa kinamchezea — kwa maandishi yangu mimi!

Na jana mama kaandika bahasha ngapi nyingine? Za nani?

Nikimwonyesha baba, mama amekwisha. Nikinyamaza —

Teksi imefika, inapiga honi. Shangazi anawaaga majirani dirishani, anacheka kwa nguvu mno.

"Mwanangu! Ile bahasha umetia?"

Mama huyo. Nyayo ziko koridoni. Sijaitia, ninayo hapa, imelowa jasho.

Niisukume shajara chini ya mto? Hapana. Nitaiacha wazi kitandani, bahasha juu yake, maandishi yakielekea mlangoni.

"Unafanya nini humo muda wote huo?"

Kitasa —