King'ora Hakitalia, Baba

Arabuni, Ijumaa, siku ya mapumziko

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ina mambo ya kusikiliza ukiwa umekaa. Goti linaendeleaje? Na Mama, kile kifua kimemwacha au bado wanabishana kila asubuhi? Nimeshukuru kusikia watoto wamepona malaria. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayoniuma, na sababu utaisikia. Nafula, mke wangu, najua wewe ndiye unayesoma: usiruke mstari, hata Baba akikunja uso.

Barua hii nimempa mwenzangu wa chumbani ambaye mkataba wake umekwisha na anarudi Tororo. Ningeweza kupiga simu, na nimepiga, mara mbili. Lakini nikisikia sauti yako ikiuliza, "Wandera, uko salama?" naishia kuuliza habari za ng'ombe.

Kazi ni ileile. Nasimama kwenye lango la ghala la mabomba saa kumi na mbili kwa siku, kwenye joto ambalo hata mbwa hulikimbia. Msimamizi ananiita Wanda, nadhani jina lote linamchosha. Pasipoti yangu anayo yeye, na mkataba umebaki mwaka mmoja na nusu. Tunalala watu wanane chumba kimoja.

Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha huku. Usicheke, ilinyesha kweli. Ilikuwa saa nane mchana, tumejilaza bwenini, mara simu zetu zote zikalia kwa pamoja, mlio mmoja mbaya, hata ya yule ambaye hajawahi kuweka salio. Zikaandika: maji yanakuja, pandeni juu. Tukabeba magodoro hadi ghorofa ya pili. Haikupita saa moja maji yakafika kwenye vitanda tulivyokuwa tumelalia. Hakufa mtu. Wenzangu walikuwa wakicheka na kupigana picha. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia, na hakuna aliyejua kwa nini. Nilikuwa nakuwaza wewe pale bondeni, unautazama mlingoti wetu wa king'ora.

Baba, king'ora kile hakitalia tena.

Mradi wa kuonya mafuriko ulikufa kabla sijaondoka. Ofisa wa Tororo alituita akatuambia kuwa nchi iliyokuwa ikileta fedha imeamua kuzitumia kwingine. Ilimchukua dakika kumi. Simlaumu, naye siku hiyohiyo alikuwa amepoteza kazi. Wakaja na gari, wakafungua lile sanduku la chuma, wakatoa betri na mitambo kwa kuwa ni mali ya mradi, kisha wakarudisha kufuli mahali pake. King'ora chenyewe kilibaki juu kwa sababu ngazi waliyokuja nayo ilikuwa fupi. Hicho ndicho unachokiona kila asubuhi unapofyeka nyasi chini ya mlingoti. Ni bati tu. Na yule bwana wa ng'ambo ya Kenya aliyekuwa akipima maji darajani na kunipigia simu yakipanda ili nikibonyeze, siku hizi anasukuma mizigo mpakani Malaba.

Nilikuambia nimepata kazi bora huku, na kwamba Tororo yuko mtu mwingine atakayekibonyeza badala yangu. Hata jina nilikutajia. Hayupo, Baba. Nilimtunga. Kijiji chetu kizima cha Masaba kilikuwa kikiniita Bwana King'ora, nikaona aibu kurudi kuwa Wandera tu. Tena niliogopa watu wangesema nimeuza betri.

Hilo silo baya zaidi. Mwaka ule maji yalipobeba zizi, wewe ulishaamua kuhama. Ulishachagua kile kiwanja cha juu karibu na kanisa, na jogoo mwekundu wa kuhamia ulishamfunga mguu. Nani alikuzuia? Mimi. Nilikuja na fulana mpya ya mradi nikasema, "Mzee, hakuna haja, kaa hapahapa, maji yakija nitakuamsha." Na siku ile moja kilipolia kweli, mlipata saa mbili nzima, mkahamisha hata kuku, ndipo ukaamini kabisa. Wageni wa wafadhili walipokuja ukawaambia, "Zamani mimi nalala jicho moja tu. Sasa king'ora iko, nalala mawili." Mimi ndiye niliyewatafsiria. Walipiga makofi, wakayachapisha maneno yako kwenye kitabu chao, na ile picha yako chini ya mlingoti umeitundika ukutani. Kila nikiikumbuka najichukia.

Sasa Nafula ananiambia maji yamefika kwenye mpera, mahali ambapo hayajawahi kufika mwezi kama huu. Mvua za siku hizi hazina adabu, haziji kwa msimu wake wala haziondoki zikifukuzwa. Anasema alikusihi mhame, ukamjibu, "Bado. Ile kitu ya Wandera haijalia." Baba, usikisikilize kitu cha Wandera. Hameni.

Najua utakalosema. Mwanamume hahamishi boma mpaka mwanawe wa kwanza atangulie na shoka, baba afuate na jogoo, mama nyuma na moto. Nafula ameniambia: "Shoka ni ya Wandera, mimi nangoja yeye." Mwaka mmoja na nusu, Baba. Nimekwenda kwa msimamizi mara tatu kuomba ruhusa. Mara ya tatu hakuinua hata kichwa.

Iko njia moja, na ni wewe uliyenifundisha tulipokwenda kumhamisha baba mdogo. Mwana wa kwanza akiwa amekufa, anayemfuata ndiye anayeshika shoka, na hakuna mzee wa kupinga. Basi nihesabu nimekufa. Mpe mdogo wangu Barasa shoka, na mtoke wiki hii. Najua maana yake. Boma jipya litakuwa na mwana wa kwanza mwingine, na mimi nikirudi nitaomba kiwanja pembeni kama mtu aliyepita njia. Inaniuma, sitakuficha. Lakini nimeyaandika haya kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu, ili wazee wasije wakamlaumu Barasa kwamba ameniibia nafasi. Kukosa kiwanja nitaweza. Kurudi nikaonyeshwe makaburi sitaweza.

Nafula, wewe usinyoe nywele kama mjane. Mimi nipo, nakula na nakuwaza. Kufa huku ni kwa ajili ya shoka tu.

Barasa, ukimaliza kuhamisha wazee nina ombi moja kwako. Azima ngazi ndefu kanisani, upande juu, ukiteremshe kile king'ora. Mama Nekesa, mjane wa kule kwenye kijito, hukitazama kila jioni kabla ya kufunga mlango. Na wengine pia. Kikibaki juu, watakiangalia na watalala. Ukisha kukiteremsha nenda nyumba kwa nyumba uwaambie, na useme ni mimi niliyenyamaza.

Nisalimie Mama, mwambie moto aubebe kwenye chungu kile cha zamani, upepo wa juu ni mkali. Nisalimie shangazi anayeuza samaki wakavu sokoni Busia, na mwalimu wa dini aliyenifundisha kusoma. Watoto wangu waambieni baba yao yupo. Hayo ya shoka wasiambiwe, bado ni wadogo.

Baba, ile picha ukutani usihame nayo. Iache maji yaichukue.

Ni mimi, niliyekuwa mwanao wa kwanza,
Wandera